Cannae kwa kalamu mbili: Polybius, Livius na namna ya kuwapima

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Historia sekondari, na jioni nasimamia klabu ya historia ya wanafunzi. Tunasoma vita vya Roma na Hannibal, jemadari wa Karthago ya Afrika Kaskazini. Tulipofika Cannae, pale kusini mwa Italia Hannibal alipoishinda Roma mwaka 216 KK, tukakwama: kitabu kimoja kinasema Waroma 70,000 waliuawa kwa siku moja, kingine kinasema 48,000. Nilipofuatilia nikagundua cha kwanza kinamfuata Polybius na cha pili kinamfuata Livius. Wanafunzi wamegawanyika. Wapo wanaosema waandishi wote wa kale walikuwa watunga hadithi wa upande wa washindi, tuwaweke kando. Wengine wanasema tukiwaweka kando, vita vyenyewe vinapotea. Tunawapimaje? Na mwanafunzi mmoja ameuliza jambo lililonishinda: mbona hatusomi kitabu hata kimoja cha Mkarthago?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa klabu. Wanafunzi wako wamekwama mahali pazuri. Kwa kujifunza kazi hii sijui mahali panapozidi Cannae: waandishi wawili wakubwa, siku moja ya mapigano, na hesabu za maiti zinazopishana kwa zaidi ya watu 20,000.

Makundi yenu yote mawili, hata hivyo, yameanzia mahali pamoja, na hapo ndipo ninapoona tatizo. Yote yanauliza kama mwandishi ni mkweli au mwongo, kisha yanataka kumpokea mzima au kumtupa mzima. Mimi namsoma mwandishi wa kale sentensi kwa sentensi, na kila sentensi naiuliza mambo mawili: huyu angelijuaje jambo hili? Na kama angepotosha, nani alikuwepo wa kumuumbua? Mtu yule yule hufaulu katika sentensi moja akaanguka katika inayofuata.

Mwulize shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga habari za mechi ya jana. Matokeo watakupa yale yale, na mfungaji hawatabishania, maana uwanja mzima uliona. Mkifika kwenye penalti na mwamuzi, kila mmoja ana mechi yake. Habari za vita vya kale ziko hivyo. Nani alishinda, wapi, mwaka gani, kamanda gani alianguka: hayo ni magumu kupotosha, kwa kuwa maelfu ya watu walirudi nyumbani wakiyajua na maelfu ya familia zilikaa matanga. Idadi ya askari wa adui, lawama ya kushindwa, nia iliyokuwa moyoni mwa jemadari, maneno yaliyosemwa hemani usiku wa kuamkia vita: hayo yanataka macho manne.

Sasa tuwaangalie watu wetu wawili. Polybius alikuwa Mgiriki wa Megalopolis, aliyezaliwa karibu mwaka 200 KK, yaani miaka kama 16 baada ya Cannae. Alikuwa mtoto wa kiongozi wa shirikisho la miji ya Akaya, naye mwenyewe aliwahi kuongoza wapanda farasi wa shirikisho hilo. Mwaka 167 KK Waroma walimchukua mateka pamoja na Waakaya wengine wapatao 1,000. Akiwa Roma akawa rafiki na mwalimu wa Scipio Aemilianus, na mwaka 146 KK alisimama kando ya Scipio huyo akiitazama Karthago ikiteketea. Aliijua vita kwa mikono yake. Alihoji wazee waliokuwepo, na alipita mwenyewe katika milima ya Alps ili aone njia aliyopita Hannibal. Livius ni mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Patavium, mji unaoitwa Padova leo, karibu mwaka 59 KK, zaidi ya miaka 150 baada ya Cannae. Ni mtu wa maktaba. Aliandika vitabu 142 vya historia ya Roma, na 35 ndivyo vilivyotufikia. Kwa sifa hizo, mtu yeyote angesema Polybius ndiye wa kuaminiwa, na mara nyingi ni kweli.

Lakini chukueni chaki mjumlishe. Polybius anasema jeshi la Roma pale Cannae lilikuwa na askari wa miguu 80,000 na wapanda farasi zaidi kidogo ya 6,000. Baada ya vita anasema askari wa miguu 10,000 walitekwa, labda 3,000 walitoroka kwenda miji ya jirani, na waliobaki, kama 70,000, walikufa. Jumla ni 83,000. Alianza na 80,000. Hesabu yake inamkana yeye mwenyewe kabla hata hatujamleta shahidi mwingine.

Shahidi mwingine yupo. Baada ya Cannae, askari walionusurika walipangwa katika legioni mbili, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Roma, na kupelekwa Sicilia kama adhabu, wakakatazwa kurudi Italia mpaka vita viishe. Legioni hizo za aibu zinaonekana tena na tena kwa miaka mingi katika maandishi ya Livius: zinamwomba jemadari Marcellus awatetee, Seneti, baraza kuu la Roma, inakataa, mpaka Scipio Africanus (wa kizazi cha kabla ya Aemilianus) anapovuka nazo kwenda Afrika mwaka 204 KK. Legioni moja wakati ule ilikuwa na watu 4,000 hadi 5,000. Watoro 3,000 wa Polybius hawatoshi hata legioni moja.

Livius anatoa askari wa miguu 45,500 na wapanda farasi 2,700 waliouawa, jumla 48,200. Anaandika kwamba hao "wanasemekana" kuuawa, neno dogo ambalo wanafunzi wajifunze kuliona, kwa maana hapo mwandishi anakuambia kwamba amelichukua kwa mtu mwingine. Halafu anaongeza orodha: wasaidizi wa fedha wa makonsuli wote wawili, yaani viongozi wakuu wa Roma wa mwaka ule, makamanda 29 wa legioni, na watu 80 waliokuwa wabunge wa Seneti au waliostahili kuingia humo. Orodha ya namna hiyo haitoki hewani. Mbunge akifa kiti chake kinabaki wazi, na familia yake inajulikana mji mzima. Tena tunaweza kuipima: mwaka ule ule Roma ililazimika kumteua mtu maalumu, Marcus Fabius Buteo, aijaze Seneti, naye akaingiza wabunge wapya 177. Pengo la ukubwa huo halikutokana na Cannae peke yake, maana lilitanguliwa na vipigo vya Trebia na Ziwa Trasimene, ila linakubaliana na msiba wa kiwango anachokieleza Livius.

Kwa hiyo kwenye idadi ya maiti ninamfuata Livius, na wanahistoria wengi wa leo wanaelekea huko. Mtu wa maktaba amemshinda mtu wa vita katika jambo la vita, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kumbukumbu za serikali, na nyuma ya Polybius, katika sentensi hiyo moja, kulikuwa na kutoa na kujumlisha kwa makadirio. Hata ile 80,000 inafanana na hesabu ya mezani: legioni nane za watu 5,000 ni 40,000, na washirika idadi ile ile. Livius anakiri waziwazi kwamba waandishi waliomtangulia hawakukubaliana: wengine walisema ziliundwa legioni mpya, wengine walisema waliongezwa askari 10,000 tu. Kukiri huko nakuthamini sana. Mwandishi anayekuonyesha kwamba vyanzo vyake vinagombana amekupa kitu cha kufanyia kazi.

Idadi za upande wa Hannibal ni kisa kingine, na hapa Polybius anang'aa. Kwenye rasi ya Lacinium, kusini mwa Italia karibu na Crotone, Hannibal aliacha bamba la shaba lenye maandishi kuhusu vita vyake, na Livius anaeleza kwamba yaliandikwa kwa Kipuniki, lugha ya Karthago, na Kigiriki. Polybius alilisoma bamba hilo kwa macho yake. Kutoka humo ndipo anapotuambia kwamba Hannibal aliposhuka kutoka Alps alibaki na Waafrika 12,000 na Waiberia 8,000 wa miguu, na wapanda farasi wasiozidi 6,000. Kutoka humo pia anaorodhesha jeshi aliloachiwa ndugu yake Hasdrubal huko Hispania, na mnaona tarakimu kama 11,850 kwa askari wa miguu Waafrika, Waliguria 300, tembo 21. Tarakimu zisizo za duara zenye aina na asili ya askari zina harufu ya daftari la mlipaji mishahara. Sisemi kila tarakimu isiyo ya duara ni ya kweli, kwa kuwa mwongo mwenye akili naye hujua kuandika 3,724. Nasema hii ina anwani: tunajua ilitoka wapi, nani aliiandika, na nani aliiona.

Hata hivyo bamba nalo liulizwe. Aliyeliandika ni Hannibal, na Hannibal alikuwa na faida katika kuonekana aliingia Italia na watu wachache. Jeshi likiwa dogo, utukufu wa Trasimene na Cannae unakuwa mkubwa zaidi. Livius anatuletea sauti nyingine hapo: Lucius Cincius Alimentus, Mroma aliyetekwa na Hannibal, aliandika kwamba alimsikia Hannibal kwa kinywa chake akisema alipoteza watu 36,000 tangu kuvuka mto Rhône. Livius huyo huyo anasema makadirio ya jeshi lililofika Italia yalianzia askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000 hadi 100,000 na 20,000. Mnaona upana wake. Makadirio ya chini kabisa yanalingana na bamba la shaba, nami nayachukua hayo, nikijua yametoka kwa mwenye mali.

Ukitaka wanafunzi waelewe kwamba watu wa kale wenyewe walikuwa wakichuja, wasomee Livius anapoeleza kutekwa kwa Karthago Mpya, Cartagena ya leo, mwaka 209 KK. Anahesabu mashine za kurushia mishale zilizonyakuliwa. Silenus, Mgiriki aliyeishi na Hannibal kambini, alisema zilikuwa kama 60. Valerius Antias, Mroma aliyeandika baadaye sana, alisema kubwa 6,000 na ndogo 13,000. Livius anaweka zote mbili mezani kisha anaandika kwamba kweli uongo hauna mpaka. Hiyo ni hasira ya mtu anayejali kazi yake, na bado baadaye anamtumia Antias huyo huyo mahali ambapo hana mwingine. Yule 3,724 niliyemtaja juu anatoka papo hapo: mateka waliokutwa mjini walikuwa 300 kwa mwandishi mmoja, 3,724 kwa mwingine.

Kadhalika pete za dhahabu. Baada ya Cannae, Mago ndugu yake Hannibal alikwenda Karthago akamwaga sakafuni pete zilizovuliwa vidoleni mwa Waroma wenye hadhi waliouawa. Wengine walisema zilijaza modius tatu na zaidi, modius ikiwa kipimo cha nafaka kinachokaribia lita 9. Livius anasema habari yenye uzito zaidi ni kwamba hazikuzidi modius moja. Simulizi tamu ilikuwa mkononi mwake, na yeye akaipunguza theluthi mbili.

Herodotus, Mgiriki aliyeandika vita vya Uajemi na Ugiriki, ninamgusa tu, maana najua mtafika kwake. Yeye ndiye aliyelihesabia jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi, mwaka 480 KK, askari wa miguu 1,700,000, na akijumlisha wote na watumishi wanaume anafikia 5,283,220. Hakuna barabara wala visima vya Ugiriki vingeweza kulisha na kunywesha umati huo. Usimtupe kwa ajili hiyo. Mwenyewe ametamka kwamba kazi yake ni kusema yanayosemwa, na halazimiki kuyaamini yote. Vita vya Salamis vilipiganwa, na njia ya Thermopylae ilikuwepo.

Turudi Cannae kwa jambo ninaloliona zito kuliko idadi, nalo ni lawama. Roma ilikuwa na makonsuli wawili pale: Lucius Aemilius Paullus na Gaius Terentius Varro. Kwa Polybius, Paullus ni mtu wa busara aliyeona uwanja ule wa tambarare unawafaa wapanda farasi wa Hannibal, hakutaka kupigana pale, akafa kishujaa katikati ya askari wake. Varro ni mtu asiye na uzoefu aliyelazimisha vita siku ya zamu yake, maana makonsuli walipokezana amri siku kwa siku, kisha akakimbia kwa aibu na wapanda farasi 70. Livius anaongeza chumvi: Varro ni mtoto wa muuza nyama aliyepanda kwa kuwalaghai watu wa kawaida, na Paullus anapata kifo cha kutia machozi, ameketi juu ya jiwe akivuja damu, akikataa farasi anayopewa na kamanda kijana aitwaye Lentulus.

Sasa uliza: Polybius aliishi na nani? Na Scipio Aemilianus. Scipio Aemilianus alichukuliwa na ukoo wa Scipio, lakini kwa damu alikuwa mjukuu wa Paullus yule yule aliyekufa Cannae. Habari za siku ile Polybius alizisikia katika nyumba ambayo babu alikuwa marehemu wa heshima. Simtuhumu kwa uongo. Nadhani aliandika alichosimuliwa na watu aliowapenda, na ukoo wa Varro haukuwa mezani kujibu. Hapa swali langu la pili linatoa jibu baya: hakukuwa na wa kumuumbua.

Bahati nzuri, mambo ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyabuni yanatusaidia. Kwanza, Polybius mwenyewe anaeleza kwamba Seneti ndiyo iliyoamua kupigana, na kwamba Roma haikuwahi kabla ya hapo kuweka legioni nane mahali pamoja. Huwezi kukusanya jeshi la namna hiyo kwa ajili ya kumkodolea macho adui. Pili, siku ya vita Paullus alikaa upande wa kulia pamoja na wapanda farasi wa Kiroma, na Varro upande wa kushoto na wale wa washirika. Kulia ndiko kwenye nafasi ya heshima, na kwa sababu hiyo baadhi ya wanahistoria wa leo wanauliza kama mwenye zamu siku ile hakuwa Paullus. Tatu, na hili ndilo linalonishika zaidi, ni namna Roma ilivyomtendea Varro baadaye. Aliporudi, watu wa kila daraja walitoka kumlaki na kumshukuru kwa kutoikatia tamaa jamhuri. Kisha akapewa jeshi huko Picenum kwa miaka kadhaa, akapewa kazi Etruria, akapelekwa ujumbe kwa mfalme Philip wa Makedonia. Yote hayo yameandikwa na Livius, yule yule aliyemchora kama mropokaji. Hakuna dola inayompa jeshi mtu inayemwona ndiye chanzo cha maafa yake makubwa kuliko yote.

Mwalimu, sehemu hii ndiyo ningetumia muda mrefu zaidi na wanafunzi. Mwandishi wa kale anapenda kuchora watu, na hapo ndipo anapopotosha. Lakini pembezoni mwa picha anaacha mambo makavu, nani alitumwa wapi, legioni ipi ilipewa nani, na hayo yanaivunja picha yake bila yeye kujua. Livius ana thamani kubwa kwetu kwa ajili hiyo: hakufuta yaliyompinga.

Hotuba nitazipita haraka. Zile ndefu za majemadari mbele ya majeshi ni kazi ya mwandishi, na wasomaji wa kale walilijua hilo. Polybius alimshambulia vikali mwandishi aitwaye Timaeus kwa kubuni hotuba, ingawa naye ameandika mazungumzo ya Hannibal na Scipio Africanus kabla ya vita vya Zama ambayo siwezi kuapia kila neno lake. Msemo mmoja tu nauchukua kwa karibu kwa kuwa kila mtu anaujua: Maharbal, kamanda wa farasi, anamwambia Hannibal jioni ya Cannae kwamba anajua kushinda ila hajui kuutumia ushindi, kwani angemruhusu atangulie, siku ya tano wangekula chakula Capitolium, ngomeni mwa Roma. Maneno hayo ya chakula cha siku ya tano yalikuwa tayari katika kitabu cha Cato, aliyepigana katika vita hivyo akiwa kijana, kwa hiyo Livius hakuyatunga. Lakini kwa Livius Maharbal ndiye kiongozi wa farasi upande wa kulia siku ile, na kwa Polybius nafasi hiyo ni ya Hanno, tena Maharbal hatajwi kabisa pale Cannae. Kutoka Cannae hadi Roma ni safari ya karibu kilomita 400. Wapanda farasi wenye haraka wangeweza kufika kwa siku tano, kisha wangesimama chini ya kuta bila ngazi wala mashine. Nausoma msemo ule kama ushahidi wa walichojilaumu au kujivunia watu baada ya vita. Wa usiku ule, hapana.

Tena siku hizi waandishi hawa wana mtu wa kuwaumbua ambaye hawakumtarajia: ardhi na bahari. Katika milima ya Jaén huko Hispania, watafiti wamepekua eneo la Santo Tomé kwa vifaa vya kutambua chuma, wakalitambua kuwa uwanja wa vita vya Baecula vya mwaka 208 KK. Wameokota maelfu ya vitu, vikiwemo vichwa vya mishale, risasi za kombeo na misumari midogo ya viatu vya askari wa Roma. Misumari hiyo inadondoka njiani askari anapotembea, kwa hiyo ukiiweka kwenye ramani unaona majeshi yalipandia wapi. Picha inayopatikana ya Waroma kupanda mteremko kuelekea kambi ya Hasdrubal inakwenda na maelezo ya Polybius na Livius. Hapo walijua walichosema.

Baharini matokeo yamechanganyika. Karibu na visiwa vya Egadi, magharibi mwa Sicilia, ambako Vita vya kwanza vya Puniki, kati ya Roma na Karthago, viliishia mwaka 241 KK, wapiga mbizi wametoa zaidi ya vichwa 20 vya shaba vilivyokuwa vikifungwa mbele ya merikebu za vita kwa ajili ya kutoboa merikebu ya adui. Vingi vina maandishi ya Kilatini yenye majina ya maofisa waliovikagua, na kimoja kina maandishi ya Kipuniki. Polybius yuko sahihi kabisa kuhusu mahali na kuhusu ukubwa wa tukio. Lakini anasema Roma ilipigana na merikebu kubwa za wapiga makasia watano watano, na vichwa vilivyookotwa vingi vinaonekana ni vya merikebu ndogo zaidi. Ama merikebu ndogo zilikuwa nyingi kuliko anavyosema, ama kubwa hazikuzama pale. Mjadala unaendelea, na ni mjadala mzuri wa klabu.

Sasa swali la mwanafunzi wako kuhusu Wakarthago. Vitabu vilikuwepo. Karthago ilipoteketezwa mwaka 146 KK, Seneti ya Roma iligawa maktaba za mji huo kwa wafalme wadogo wa Afrika Kaskazini, ikabakiza vitabu 28 vya kilimo vya Mkarthago aitwaye Mago (si yule ndugu yake Hannibal), ambavyo iliagiza vitafsiriwe Kilatini. Mshindi alitaka kujua namna ya kulima mizabibu, simulizi za aliyeshindwa hakuzihitaji. Miaka mia moja baadaye, Sallustius, Mroma aliyekuwa gavana katika Afrika, bado aliweza kutaja vitabu vya Kipuniki vilivyosemekana kuwa vya mfalme Hiempsal. Baada ya hapo vinapotea. Lugha yenyewe iliendelea kusemwa kwa karne kadhaa, lakini bila mtu wa kunakili kitabu, kitabu hufa. Kwetu Tanzania tulipata nafasi ambayo wao hawakuipata: mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipokwenda kusini kukusanya simulizi za Maji Maji, miaka sitini na ushee ilikuwa imepita, na wazee waliokumbuka walikuwa hai kuwajibu maofisa wa Kijerumani.

Upande wa Karthago nao haukukosa waandishi wa Kigiriki. Philinus wa Akragas aliandika vita vya kwanza akiiegemea Karthago. Polybius alimsoma sambamba na Fabius Pictor, mbunge wa Roma, akasema wote wawili si waongo wa kukusudia, ila wamekuwa kama watu walio katika mapenzi: kwa mmoja Karthago haikosei, kwa mwingine Roma haikosei. Kuhusu Fabius anaongeza shauri ambalo ningelibandika ukutani mwa klabu yenu: uzito wa mtu huyo usipuuzwe, wala usichukuliwe kuwa neno la mwisho, msomaji apime mambo yenyewe.

Na wapo Silenus niliyemtaja, na Sosylus wa Sparta, aliyemfundisha Hannibal Kigiriki. Hao wawili waliishi naye kambini. Sosylus huyo Polybius alimdharau sana: alisema maandishi yake si historia, ni porojo za kinyozi. Dharau hiyo ilimfunga Sosylus mdomo kwa miaka elfu mbili, mpaka kilipojulikana kipande cha papiri kilichohifadhiwa Würzburg, Ujerumani, chenye sehemu ya kitabu chake cha nne. Kinaeleza vita vya baharini. Wakarthago wana mbinu yao ya kupenya katikati ya safu ya adui kisha kugeuka na kuzitoboa merikebu kutoka nyuma. Mabaharia wa Massalia, Marseille ya leo, walio upande wa Roma, wanaijua mbinu hiyo, wanaweka safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza ili kila anayepenya apokelewe. Mwandishi anasimama hata kueleza kwamba mbinu hiyo ya kujikinga ilitumiwa zamani na Heracleides wa Mylasa pale Artemisium. Huyo ni mtu anayejua merikebu, na kinyozi hakumwambia. Waonyeshe wanafunzi tafsiri ya kipande hicho kabla hawajasoma tena Polybius anavyomsema.